Gugu ni Kitu Gani?

Katika bonde la Kilombero, mvua zikishika, mkulima wa mpunga huingia shambani kupalilia, na huko hukutana na mgeni ambaye hakumwalika. Majani yake ni kama ya mpunga, shina lake kama la mpunga, na akiwa bado mchanga hata jicho la mzoefu laweza kudanganyika. Huyu ndiye mpunga mwitu. Punje zake zina ndevu ndefu, nazo hupukutika mara zikomaapo, hivyo hakuna awezaye kujaza ghala kwa mmea huo. Mkulima huung'oa na kuutupa kando ya jaruba. Ukimwuliza ni kitu gani hicho, atakujibu neno moja: gugu.

Leo twataka kuliangalia neno hilo moja. Mtu aweza kupekua vitabu vyote vya elimu ya mimea asikute ukoo wala jamii ya mimea iitwayo magugu. Mhindi uliojiotea katikati ya mpunga ni gugu. Mpunga uliojiotea katika bustani ya vitunguu ni gugu vilevile. Hata mchicha huota mwingi bila kupandwa, mmoja akaung'oa kwa hasira na jirani yake akauchuma kwa kitoweo. Basi neno gugu halitupi habari ya mmea. Latupa habari yetu sisi, kwamba mahali pale tulitaka kitu kingine. Ni jina la ugomvi.

Hatusemi hayo kumcheka mkulima. Mwenye watoto wa kulisha hana budi kuipanga mimea kwa kadiri inavyomfaa au kumdhuru: hii mboga, hii dawa, hii kuni, hii sumu kwa ng'ombe. Mpango huo ni elimu ya kweli iliyopatikana kwa gharama, pengine kwa gharama ya maisha ya mtu aliyekula asichokijua. Lakini una mpaka wake. Huiuliza mimea swali moja tu, yaani, wewe wanifaa nini? Mmea usio na jibu hupita bila kutazamwa.

Wataalamu wa mimea walijaribu kuuliza swali jingine: wewe ni nani? Huhesabu sehemu za ua, hutazama jinsi majani yalivyopangwa kwenye tawi, hupasua tunda, na siku hizi husoma hata chembe za urithi. Carl Linnaeus, Mswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliupa kila mmea aliouorodhesha jina la maneno mawili, la kwanza la jenasi na la pili la aina yenyewe, kama vile mtu atajwavyo kwa ukoo wake na kwa jina lake. Majina hayo yaliandikwa kwa Kilatini. Hata maelezo ya kila aina mpya yalipaswa kuandikwa kwa Kilatini mpaka mwisho wa mwaka 2011. Tangu hapo Kiingereza pia chakubaliwa. Sisi tuliokitolea jasho Kilatini katika seminari kuu twaona kidogo cha kusikitikia hapo, kwa maana lugha isiyo ya taifa lolote lililo hai haikumpendelea mtu.

Je, swali hilo la pili ni anasa ya wenye nafasi? Turudi kwa mpunga mwitu. Afrika ina aina mbili zilizochanganywa mno. Moja huishi mwaka mmoja, nayo ndiyo mzazi wa ule mpunga wa Kiafrika uliolimwa tangu kale huko Magharibi. Nyingine ni ya kudumu, yenye mashina yatambaayo chini ya udongo; hii huitwa Oryza longistaminata, nayo ndiyo ya mabonde yetu yenye mafuriko. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 vitabu vingi viliuita mpunga huu wa kudumu Oryza barthii, jina ambalo kwa haki ni la yule wa mwaka mmoja. Msomaji atasema ni ugomvi wa makabati. La, sivyo. Mmea wa mwaka mmoja hushindwa kwa kuzuiwa usidondoshe mbegu. Wa kudumu hurudi kutoka katika vipande vya mashina yaliyozikwa, na jembe livikatalo na kuvisambaza huenda likaupanda upya shamba zima. Mshauri wa kilimo aliyekosea jina humchosha mkulima bure.

Tena kuna la ajabu zaidi. Katika gugu hilohilo, kwenye mmea uliotoka Mali, watafiti walipata uwezo wa kushindana na ugonjwa wa bakteria ukaushao majani ya mpunga. Mwaka 1995 ile chembe ya urithi iletayo nguvu hiyo, iitwayo Xa21, ilitengwa. Na wataalamu wa jimbo la Yunnan, nchini China, waliuchanganya mpunga wa shambani na Oryza longistaminata, wakapata mpunga wa kudumu uitwao PR23, uliotolewa kwa wakulima mwaka 2018. Hupandwa mara moja, nao umevunwa misimu minane katika miaka minne. Kile tunachokitupa kando ya jaruba, wengine wamekitazama kwa makini na kukifanya chakula. Aliyeuliza mmea ni nani alipata hata jibu la wanifaa nini, ingawa hakulitafuta kwanza.

Hapa twajua kuna msomaji mwenye shaka, na shaka yake ina uzito. Aweza kusema: hizo aina mnazozitaja ziko kweli, au ni masanduku mliyoyachonga wenyewe kisha mkaitia mimea ndani? Mbona majina hubadilika? Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake Ulaya, lilipewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake, likapambwa madirishani duniani kote. Wakati mmoja wataalamu walihesabu aina zipatazo ishirini. Mwaka 2006 mwenzao akahesabu sita. Mwaka 2015 jenasi yenyewe ikafutwa, na maua yote yakaingizwa katika jenasi ya Streptocarpus. Kama aina zingekuwa katika maumbile, je, zingepungua kwa kalamu?

Twajibu kwamba maumbile si kabati lenye rafu, na mwenye kudai kwamba mipaka yote imechorwa wazi hajatembea msituni. Mimea huzaana ikichanganyika, hubadilika kutoka kilima hadi kilima, na mahali pengine mpaka hauonekani kabisa. Lakini tofautisheni mambo mawili. Masanduku makubwa, kama jenasi na jamaa, yana mkono wetu mwingi ndani yake. Mmea wenyewe hatukuuchonga sisi. Zaidi ya hayo, jina la gugu halisahihishwi na kitu chochote ila na tamaa zetu zikibadilika. Jina la mtaalamu husahihishwa na ua lenyewe, na mwenye kiburi hulazimika kukubali ameshindwa na petali tano. Elimu iwezayo kukanushwa na kitu inachokisema yastahili kuaminiwa kuliko ile isiyoweza.

Kazi hiyo si ndogo. Kitabu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952 chini ya bustani ya Kew, Uingereza, na sehemu ya mwisho ikatoka mwaka 2012. Aina 12,104 za mimea ya porini ziliandikwa humo, na zipatazo 1,500 hazikuwa zimeelezwa na mtaalamu yeyote kabla ya kazi hiyo. Kitabu cha Mwanzo chasema Adamu aliwapa majina wanyama na ndege. Juu ya mimea hakikusema neno. Labda hiyo kazi iliachwa kwetu.

Na bado haijaisha. Mwaka 2019, katika milima ya Udzungwa iliyosimama juu ya bonde letu, mtaalamu Andrea Bianchi akiwa pamoja na wajuzi wa mimea wa huko, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, aliona mti mkubwa wenye kufika mita 40. Mwaka 2025 ulitangazwa kwa jina la Tessmannia princeps. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake mkuu. Kwa kuhesabu pete za shina wamekisia kwamba mti mmoja huenda ukawa na miaka elfu mbili hata tatu. Magazeti yakaandika kwamba mti mpya umegunduliwa.

Mpya kwa nani? Hatupendi neno kugundua litumiwe ovyo. Kutangaza aina mpya ni kusema kwamba imelinganishwa na jamaa zake zote zilizoandikwa, ikaonekana si mojawapo. Hiyo ni kazi halali na ngumu, nayo mwanakijiji peke yake hawezi kuifanya, maana hana zile karatasi za mimea iliyokaushwa huko Ulaya, Nairobi au Arusha. Lakini macho yaliyozoea msitu yalikuwa ya wenyeji, na yafaa kusifiwa kwamba safari hii majina yao yametajwa. Hapo zamani haikuwa hivyo daima. Ifakara ilipata maabara ya utafiti ya Waswisi katika miaka ya 1950, iliyoanzishwa na Rudolf Geigy, na ndiyo mwanzo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Mwaka 1964 jarida la Acta Tropica la Basel lilitoa utafiti wa F. Haerdi juu ya mimea ya dawa ya wilaya ya Ulanga. Ni kazi ya thamani kubwa, imehifadhi maarifa ambayo pengine yangezikwa pamoja na waganga wenyewe. Iliandikwa kwa Kijerumani. Aliyeonyesha mzizi wa kutibu tumbo hakuweza kusoma kilichoandikwa juu ya mzizi ule, wala mjukuu wake hawezi. Hatumlaumu mwandishi, aliyewaandikia wenzake. Ila twauliza kama deni hilo limekwisha kulipwa.

Jina lina nguvu nyingine, nayo yatutia wasiwasi. Karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero kuna msitu wa Magombera, wenye kilomita za mraba 26 hivi. Kwa miaka mingi ulikosa ulinzi kamili wa sheria, na miwa ilikuwa jirani mwenye njaa. Kilichousaidia katika hoja ni orodha: kuna mti uliopewa jina la Polyalthia verdcourtii na Kaj Vollesen mwaka 1980 (leo umehamishiwa jenasi ya Huberantha), usioota ila katika eneo hili la nchi, na kuna hata kinyonga, kilichotambuliwa kuwa aina mpya baada ya nyoka kushtushwa akakitema mbele ya mtafiti. Mwaka 2019 Serikali ikautangaza msitu huo hifadhi. Twafurahi. Lakini misitu midogo ya bondeni iliyofyekwa kabla mtu hajaiandikia orodha haikuwa na shahidi. Je, mti usio na jina hauna haki mbele ya shoka? Ule wa Udzungwa, kama makisio ni ya kweli, ulikuwa umesimama kabla Kiswahili hakijasemwa na mtu. Thamani yake haikuanza mwaka 2025.

Hatumwambii mama mwenye ekari moja Ifakara auache mpunga mwitu umle watoto wake. Ang'oe. Swali letu ni kwa wale wafyekao mamia ya hekta kwa trekta, wakiandika katika barua zao kwamba ardhi ilikuwa pori tupu. Tupu ni neno la aina ya gugu. Bonde hili la mafuriko liliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu za dunia chini ya mkataba wa Ramsar, zaidi ya hekta 790,000. Mwenye kusema tupu na aonyeshe kwanza amehesabu.

Mmea ukipelekwa kuhifadhiwa hubanwa, hukaushwa, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na kadi. Kadi huandikwa mahali, tarehe, urefu kutoka usawa wa bahari, jina la aliyechuma, na jina la kienyeji kama lilipatikana. Kadi nyingi hazina kitu mahali hapo pa mwisho.