Ua la Chunguni na Ua la Mwambani

Kupenda kitu ni jambo moja, na kukimiliki ni jambo jingine. Lakini mambo hayo mawili hukaa karibu mno moyoni hata watu wengi hawawezi kuyapambanua. Apendaye ndege humtia tunduni. Apendaye ua hulichuma, na kabla ya jua kuchwa limekwisha nyauka mkononi mwake. Nataka tulipime jambo hili kwa mmea mmoja mdogo wa kwetu, uliopendwa na dunia nzima.

Wataalamu waliupa jina la Saintpaulia. Maua yake ni ya urujuani, na majani yake ni laini kama mahameli. Huishi miaka mingi, wala haufi baada ya kuzaa kama ufavyo muhindi. Kwao ni Tanzania na Kenya tu; porini haumei penginepo duniani. Hushika katika nyufa za miamba, penye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huo, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, akauita kwa jina la ukoo wa afisa huyo. Wenyeji waliokuwa wakiupita kila siku njiani hawamo katika jina hilo, lakini shauri hilo lataka insha yake.

Kuutunza hakumshindi mtu mwenye saburi. Hautaki jua kali, bali mwanga wa dirishani. Hautaki maji mengi, maana mizizi yake huoza. Wala maji baridi yasimwagwe juu ya majani, kwani huacha mabaka. Ukitaka kuuzidisha, vunja jani moja pamoja na kikonyo chake, ulichomeke katika mchanga wenye unyevu, kisha ungoje. Baada ya majuma kadhaa jani hutoa mizizi, na vichipukizi hutokeza chini yake. Mmea uliotoa jani haudhuriki. Kumbe mtu aweza kukipata alicho nacho jirani bila ya kumpunguzia! Kwa hiyo, anayekwenda msituni kuung'oa mmea huu na mizizi yake hana udhuru wowote. Na aombe jani kwa mwenye chungu.

Hapo hutokea mtu mwenye hoja. Husema kwamba mmea umo katika nyumba za watu wengi mno, hauwezi kupotea tena, basi msitu una kazi gani? Hoja hii ina sura ya busara, lakini haina mwili. Mimea ya vyunguni, iliyo mingi, ni uzao wa wazazi wachache waliotoka Tanga. Hapa Kenya tunayo ya namna nyingine: mmoja huishi katika msitu wa Mbololo, Taita, na mwingine katika majabali ya chokaa ya Kilifi, upande wa Kaloleni. Aliye na picha ya ndugu mmoja hawezi kusema kwamba ukoo wote u salama. Isitoshe, mmea wa chunguni huchaguliwa na jicho la mnunuzi. Wa mwambani huchaguliwa na kiangazi na mvua. Ukikatwa mti unaoutilia kivuli, mwamba hukauka, na mmea hufa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na anayeidharau hajapata kulala na njaa. Mkulima wa mlimani ataka shamba na kuni. Je, tumwambie auache mti kwa ajili ya ua lisiloliwa? Si haki maskini peke yake alipe gharama ya uzuri unaofurahiwa na wote. Lakini miti inayoutilia mmea kivuli ndiyo inayonasa ukungu na kulinda vijito ambavyo yeye huchota maji. Ugomvi wa mkulima na ua ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Kilifi shauri ni gumu. Huko jiwe la chokaa huchimbwa kwa saruji, nayo saruji hujenga nyumba za watu, na hata shule. Jabali likisha sagwa, mahali pa mmea hapapo tena, wala hapana kijito cha kumpatanisha mchimbaji na ua. Mimi naona ni haki kuyaacha majabali machache yenye mmea huo, maana chokaa ipo tele pwani, na mmea huo hauna kwao kwingine.