Ala Isiyopigwa: Ukusanyaji wa Magitaa ya Besi na Swali la Makusudio

Gitaa la besi la umeme lilianza kuenea sokoni mwaka 1951, pale Leo Fender wa Fullerton, California, alipotoa aina aliyoiita Precision, na tangu mwanzo lilikuwa zao la kiwanda: vipande vyake vilikatwa kwa vipimo vya aina moja, shingo ikafungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu, na iliyoharibika iliweza kung'olewa na nyingine kupachikwa mahali pake. Ilipita miaka ishirini hivi kabla ya kuenea kwa utaratibu wa kuagiza, yaani mpigaji kwenda kwa fundi mwenye karakana ndogo na kuundiwa gitaa kwa kadiri ya mkono wake, sikio lake na mfuko wake. Kampuni ya Alembic, iliyozaliwa California mwaka 1969 katika mazingira ya bendi ya Grateful Dead, ilimuundia mpigaji Jack Casady gitaa lake la besi mwaka 1972, na baada yake karakana za namna hiyo zikaongezeka Marekani na Ulaya. Pamoja nazo limezuka kundi la watu ambao hawaagizi gitaa moja bali mengi, kisha huyaweka pamoja na kuyalinganisha, mbao kwa mbao na fundi kwa fundi. Swali linalotokana na desturi hiyo ni la kifalsafa kabla ya kuwa la muziki: chombo kilichoundwa kwa ajili ya kitendo fulani, kikiwa mikononi mwa mtu asiyekifanya kitendo hicho, au anayekifanya kwa nadra, kinabaki kuwa nini?

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha tatu cha Siasa, alipouliza filimbi zilizo bora kabisa apewe nani. Jibu lake ni kwamba apewe mpigaji aliye bora, wala si mwenye nasaba wala mwenye sura nzuri, kwa sababu ubora wa filimbi hupimwa kwa kazi yake, na nasaba haiongezi chochote katika kazi hiyo. Nyuma ya jibu hilo iko dhana ya makusudio, yaani ile hatima ambayo kitu kimeundwa ili kiifikie na ambayo bila kuitaja haiwezekani kueleza kitu hicho ni nini. Ikumbukwe kwamba Aristotle alikuwa akijadili ugawaji wa madaraka ya dola, na filimbi ilikuwa mfano tu. Hakushughulika na hali iliyo ya kawaida katika biashara ya magitaa, ambapo mwenye fedha ni mpigaji wa wastani na mpigaji hodari hana fedha, wala hakuna hakimu wa kugawa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Katika mlango wa subira na shukrani wa kitabu chake cha Ihya, anaeleza kwamba dinari na dirhamu zimeumbwa zizunguke mikononi mwa watu na kuamua thamani za vitu, hivyo anayezirundika humfunga gerezani hakimu wa Waislamu na kuwanyima watu hukumu yake. Dhambi ya mrundikaji, kwa mtazamo huo, haiishii kwenye uchoyo. Ni kukufuru neema, maana kushukuru ni kukitumia kitu katika lile kilichoumbiwa. Ni kweli kwamba Ghazali huyohuyo, alipojadili usikilizaji wa muziki, alizitia ala za nyuzi katika kundi la zilizokatazwa kwa kuwa zilihusishwa na vikao vya walevi, na msomaji mwenye msimamo huo atasema kwamba gitaa lililofungiwa limepata hifadhi njema. Hata hivyo hoja ya makusudio haiitegemei hukumu hiyo, na kwa yeyote anayekubali kwamba gitaa lina kazi halali, swali la kulifungia linabaki palepale.

Utetezi mzito wa wakusanyaji umetoka kwa Walter Benjamin, mwandishi wa Kijerumani ambaye mwaka 1931 aliandika insha juu ya maktaba yake mwenyewe. Kwake yeye, mkusanyaji huvikomboa vitu kutoka katika utumwa wa kuwa na manufaa, na kuviangalia kwa ajili yake vyenyewe, pamoja na historia yote ya mikono iliyovipitia. Hoja hii ina uzuri wake, ila Benjamin alikuwa akizungumzia vitabu, na kitabu kilichofungwa bado kina maneno yake yote ndani, ilhali gitaa lililofungwa halina sauti yoyote ndani yake. Zaidi ya hayo, gitaa halikai likingoja. Nyuzi zake huivuta shingo mchana na usiku, mbao huvimba na kunywea kwa unyevu, na ndiyo maana ndani ya shingo hupitishwa fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza au kuilegeza ili kuirudisha shingo katika unyofu wake. Anayedhani amelihifadhi gitaa kwa kuliacha ndani ya kasha kwa miaka atalikuta limebadilika bila yeye.

Linabaki dai la pili la mkusanyaji, nalo lina nguvu zaidi: kwamba anakusanya ili alinganishe, na kulinganisha ni njia ya kujua. Dai hili linapaswa kupimwa kwa jinsi ulinganishaji unavyofanyika. Sikio la binadamu huidhania sauti kubwa kuwa sauti bora, kwa hiyo magitaa mawili yasiyosawazishwa nguvu ya sauti hayajalinganishwa bado. Nyuzi kuukuu na nyuzi mpya hutofautiana zaidi kuliko mbao mbili tofauti. Na urembo wa ubao wa juu, ambao mara nyingi ni tabaka la milimita chache tu, huandaa hukumu kabla uzi haujaguswa. Utafiti wa Claudia Fritz, Joseph Curtin na wenzao, uliochapishwa mwaka 2014, uliwapa wapiga fidla 10 mashuhuri fidla 12, nusu za kale za Italia zikiwamo za Stradivari na nusu mpya, huku wamevaa miwani iliyotiwa giza. Wengi walichagua fidla mpya, wala hawakuweza kuzitambua za kale kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Mkusanyaji ambaye hajawahi kuyapiga magitaa yake bila kuyaona hana budi kukiri kwamba analinganisha sifa na bei.

Ulinganishaji wenye haki unaonekana kwa Anthony Jackson, mpigaji wa New York, aliyeuliza kwa nini gitaa la besi liwe na nyuzi nne wakati ni la ukoo wa gitaa, lenye nyuzi sita, na nyuzi nne zimerithiwa tu kutoka kwa besi kubwa ya kusimama. Mwaka 1975 fundi Carl Thompson alimuundia la nyuzi sita, lenye uzi mnene wa B unaotikisika takribani mara 31 kwa sekunde. Jackson aliona nyuzi zimebanana. Baadaye fundi mwingine, Ken Smith, akamtengenezea lenye nafasi pana zaidi. Kisha mafundi wa Fodera, karakana iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1983, wakarefusha uzi kutoka kipimo kilichozoeleka cha inchi 34 hadi inchi 36 ili sauti ya chini isilegee. Kadiri miaka ilivyokwenda vilipunguzwa hata vitufe vya kurekebisha sauti, hadi gitaa likabaki na pikapu moja, yaani kile kifaa cha sumaku na waya kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme, iliyounganishwa moja kwa moja na tundu la kutolea sauti. Magitaa hayo yote yalikuwa mkusanyo kwa maana fulani, lakini kila moja lilikuwa hoja dhidi ya lililotangulia, na lililotangulia lilikuwa limekwisha kupigwa hadi kasoro yake ikajulikana. Mtu anayeagiza magitaa kumi kwa mkupuo amepata majibu kumi ya swali ambalo hajaliuliza.

Kuna pia upande wa mbao, ambao wakusanyaji huupenda na huujadili bila kuona haya. Wenge hutoka katika misitu ya bonde la Kongo, bubinga hutoka Afrika ya Kati na Magharibi, na mpingo, ambao wachongaji wa Kimakonde wanaufahamu kuliko mwanafalsafa yeyote, huhitaji miongo saba au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Mwaka 2017 mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, uliziweka jamii kuu za bubinga pamoja na miti yote ya ukoo wa mpingo chini ya udhibiti. Mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikapewa msamaha. Wanamuziki wanaosafiri na ala zao kwenda kupiga walikuwa miongoni mwa walioutafuta msamaha huo. Aliyekusudia kuliweka gitaa kabatini ananufaika na ruhusa iliyotafutwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwa hiyo haki ya mkusanyaji haitokani na idadi ya magitaa wala umahiri wa mafundi wake. Inatokana na magitaa hayo kupigwa, ama na yeye mwenyewe ama na mwingine kwa ridhaa yake. Mpigaji wa wastani mwenye mali anaweza kuijibu hoja ya Aristotle bila kuuza chochote, kwa kuazimisha. Wenye magitaa ya namna hii, kabla ya kuagiza jingine, wawape wapigaji wanaowazidi hayo waliyo nayo, wawaachie kwa miezi, na wayapokee yakiwa na mikwaruzo.