Utii wa Mwanagenzi

Wahenga walisema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Aliye mdogo katika kazi, ikiwa hajaweza kuushika moto kwa nyundo, walau ataushika kwa mvukuto. Kijana aingiaye karakana kujifunza uhandisi, wa kiume au wa kike, huanza hivyo hivyo. Hufagia vumbi la chuma, humshikia fundi taa, humpokeza spana, na kila aambiwalo hulitenda. Haulizi sababu, na kama akiuliza, pengine hujibiwa kwamba ataijua mbele ya safari. Basi nataka tufikiri pamoja, wewe msomaji nami, juu ya jambo moja: je, utii huu una mpaka? Na kama unao, mpaka wenyewe uko wapi?

Kwanza tuutendee haki utii, kwa kuwa siku hizi vijana wengi huudharau. Kazi ya kale ya kumwanzisha mwanagenzi ni kumpa kipande cha chuma, tupa na jiliwa, kisha kumwambia, "Kifanye kiwe mraba." Kazi hii huonekana kama mchezo wa mtoto. Lakini apigapo tupa, mikono hupanda na kushuka, na uso wa chuma hutokea mgongo badala ya kuwa sawa. Akiunyosha upande wa kwanza, wa pili hukataa kupatana nao. Akiweka kipimo cha pembe na kukielekeza dirishani, mwanga hupenya kati ya chuma na kipimo, nao humwambia kwamba bado. Hurudia tena na tena, na kipande huzidi kupungua. Fundi hawezi kumweleza kwa maneno namna ya kuutuliza mkono. Elimu hiyo huingia kwa njia ya vidole, na akili huipokea baadaye. Anayetaka kuelezwa kila sababu kabla ya kushika tupa hataishika kamwe. Ndiyo sababu nchini Uingereza sheria ya mwaka 1563 ilimtaka kijana amtumikie bwana wake miaka 7 kabla ya kuruhusiwa kufanya ufundi wake. Mwanagenzi hukopa imani kwa fundi, akitumaini kuja kuilipa kwa ujuzi wake mwenyewe.

Lakini tutazame vema: mwanagenzi humtii nani? Alikuwako Uingereza fundi mmoja mashuhuri, Henry Maudslay, aliyezaliwa mwaka 1771. Alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12 katika ghala ya silaha ya Woolwich, na baadaye akawa mwenye karakana iliyofunza mafundi wengi wakubwa, akiwamo Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza nchi nzima itumie skrubu za kipimo kimoja. Maudslay aliweka juu ya meza za wafanyakazi wake mabamba ya chuma yaliyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa, ili kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Naye alikuwa na chombo cha kupimia chenye usahihi wa ajabu, kilichopewa jina la hakimu mkuu wa Uingereza, maana ubishi juu ya kipimo ulipotokea, chombo hicho ndicho kilichokata shauri.

Fikiri maana ya desturi ile. Kipimo kilimhukumu mwanagenzi, na kilimhukumu bwana vile vile. Bwana hakuwa na chuma chake kilichonyooka kwa sababu ya cheo, wala kijana hakuwa na chuma kilichopinda kwa sababu ya udogo. Katika karakana njema, basi, mkubwa na mdogo wote ni watumishi wa ukweli mmoja, ila mkubwa ametangulia kuujua. Hapo ndipo utii wa mwanagenzi unapopata heshima yake, na hapo hapo ndipo mpaka wake unapoanzia. Maana itakuwaje siku ambayo bwana mwenyewe anakiacha kipimo?

Siku kama hizo zimekwisha kuwako. Huko Uskochi, mwaka 1878, lilifunguliwa daraja refu la reli juu ya maji ya Tay. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika dhoruba kali, sehemu yake ya kati ilianguka wakati garimoshi likipita juu yake, na abiria wote, zaidi ya 50, wakafa. Ulipofanywa uchunguzi, ilionekana kwamba daraja lilikuwa na kasoro katika usanifu, katika ujenzi na katika utunzaji. Nguvu ya upepo haikuhesabiwa ipasavyo, na viungo vya kuzikaza nguzo vilikuwa dhaifu. Tena wafanyakazi wa kiwanda kilichosubu nguzo zile walisimulia jambo la kusikitisha. Baadhi ya nguzo zilitoka katika kalibu zikiwa na vishimo. Vishimo vile vilizibwa kwa mchanganyiko wa nta, utomvu mkavu wa miti, masizi na unga wa chuma, ukasuguliwa hata ukang'aa kama chuma chenyewe. Sisi husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Lakini kuna kuziba ufa, na kuna kuuficha.

Sisemi kwamba nta ile peke yake ndiyo iliyoliangusha daraja, kwa maana uchunguzi ulionyesha sababu kubwa zaidi. Nasema tu kwamba palikuwa na mikono iliyoisugua nta ile, na mikono hiyo ilijua kwamba nta si chuma. Jiweke mahali pao. Wewe ni mdogo kuliko wote kiwandani, nawe umepewa bakuli na kuambiwa, "Ziba." Utafanyaje?

Yuko atakayesema, "Dhambi ni ya aliyeamuru, mimi ni mkono tu." Lakini garimoshi halipiti juu ya amri; hupita juu ya nguzo, na nguzo imetengenezwa kwa mkono. Yuko atakayesema, "Mama yangu ananitegemea; nikifukuzwa, nani atamlisha?" Neno hili ni zito, na asiyelionea huruma hajapata kuwa na njaa. Hata hivyo, ndani ya lile garimoshi mlikuwamo na watoto wa akina mama.

Basi mpaka naona uko hapa. Kuna amri usizozielewa, na kuna amri unazozielewa kuwa ni uongo. Zile za kwanza zitii kwa subira, hata zikikuchosha, kwa kuwa ujinga wako si hoja dhidi ya ujuzi wa fundi. Hizi za pili usizitii, kwa kuwa hapo hukopi tena imani. Unauza ukweli usio mali yako. Na ukiwa na shaka kama amri ni ya namna gani, uliza kwa adabu: "Mzee, nifundishe, nguzo hii itachukua mzigo wake namna gani?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa, na pengine atakuonyesha kwamba wewe ndiye uliyekosea. Fundi mbaya atakasirika. Hasira yake si ushahidi kamili, lakini ni sababu ya kutazama tena, na ya kumpelekea neno lako aliye juu yake.

Sikuahidi kwamba utapata malipo. Huenda ukaitwa mjuaji, huenda ukaikosa kazi, na daraja ambalo halikuanguka halina mtu wa kulisifu. Lakini angalia njia ulikotokea: ulipokuwa na tupa mkononi, mwanga ukipenya chini ya kipimo, hukumwambia fundi kwamba umemaliza. Ulirudi kwenye jiliwa. Aliyejizoeza hivyo kwa kipande kidogo cha chuma, mahali ambapo kosa halimdhuru mtu, ndiye atakayeweza kuyasukuma mbali mkono wake na bakuli la nta siku maisha ya watu yatakapokuwa juu ya nguzo.