Mpaka wa Nchi na Jirani wa Ng'ambo

1. Mpaka ni kitu gani?

Watu wawili wenye mashamba yaliyopakana hupanda mti au huweka jiwe kati yao. Wote wawili wapo, wazee wapo, na watoto huonyeshwa mahali penyewe, wasije wakagombana baba zao wakiisha kufa. Mpaka wa namna hii ni ahadi. Mmoja asema, "Jembe langu halitapita hapa," na mwenzake asema vilevile. Jiwe lenyewe halina nguvu, hata mtoto aweza kuliondoa. Nguvu yake ni neno la watu waliopatana.

Mpaka wa dola nao ni ahadi, ila wanaoahidiana ni watawala. Kila serikali yakubali kwamba sheria yake, kodi yake na askari wake wana mwisho. Tena mpaka waonyesha nani apaswa kujibu: mahali serikali inapotoza kodi, ndipo ipaswapo kulinda watu, kuamua mashauri yao kwa haki na kutengeneza njia zao.

2. Mipaka ya Kongo ilifanywaje?

Tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa madola 14 walikutana katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani. Walimaliza shauri lao tarehe 26 Februari 1885. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeitwa. Wengi husema kwamba Afrika yote iligawanywa mezani pale, lakini sivyo kabisa. Wajumbe walipatana juu ya biashara, juu ya safari za vyombo katika mito ya Kongo na Niger, na juu ya sharti hili: dola litakalo kushika pwani mpya ya Afrika lipashe mengine habari, nalo liwe na mamlaka ya kweli mahali pale. Mistari mingi ya bara ilichorwa baadaye, kwa mapatano ya dola moja na lingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mto Luapula. Mwezi wa Mei 1894 Waingereza walipatana na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyetawala pia Dola Huru la Kongo, kwamba mto huo uwe mpaka. Lakini watu waliomtii Mwata Kazembe walikaa huku na ng'ambo. Kwao mto ulikuwa njia ya mitumbwi na mahali pa kuvua samaki. Tangu mapatano yale, ndugu wa ukoo mmoja waliwekwa chini ya mabwana wawili, kwa kodi mbili na sheria mbili, nao hawakuulizwa neno.

3. Mpaka uliowekwa bila kuuliza watu, wapaswa kushikwa?

Mtu aweza kusema: "Jambo lililoanza kwa udhalimu halifungi dhamiri; basi mipaka hii na ivunjwe." Neno hili lina ukweli ndani yake, lisidharauliwe. Lakini afikiri tena: mpaka wa leo ukivunjwa kwa nguvu, nani atauchora wa kesho? Mwenye bunduki. Na watu wa vijijini watakuwa wameamuliwa mara ya pili bila kuulizwa. Udhalimu haufutwi kwa kurudiwa.

Kwa sababu hiyo wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo mwezi wa Julai 1964 walikata shauri kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku nchi zao zilipopata uhuru. Hawakusema kwamba mipaka ile ilichorwa vema. Waliogopa vita visivyo na mwisho. Somalia na Moroko hazikuridhika, na hapo yaonekana kwamba shauri hili halikuwa jepesi.

Hata hivyo, mpaka ulioheshimiwa si lazima uwe ukuta. Mtu wa Zambia atokaye miji ya shaba kwenda upande wa Luapula kwa njia ya mkato huingia Kongo penye Mokambo, husafiri yapata kilomita 70 katika nchi ya Kongo, kisha huvuka mto na kutokea Chembe. Mpaka upo, nao una mlango.

4. Je, mpaka wapima utu?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtu aliyezoea kusema, "Nchi hii ni yetu," aweza kufika kusema, "Wewe si mtu wa hapa," na mwisho, "Wewe si kitu." Katika Katanga, miaka ya 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika makao yao. Wazee wao walikuwa wameletwa au wamekuja kwa kazi za migodi na za reli. Hawakuvuka mpaka wa dola lolote, kwa maana walikuwa raia wa nchi moja na wale waliowafukuza. Maelfu walilala kwenye vituo vya gari-moshi vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, na wengi walikufa, watoto wakiwamo. Mpaka ule haukuandikwa katika mapatano yoyote. Ulichorwa mioyoni.

Kweli, mwenyeji ana haki ya shamba lake na ya kazi. Ikiwa kazi zimegawanywa kwa upendeleo, na ashitaki mbele ya waamuzi. Lakini kosa ni la mgawaji. Si la mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya jirani.

Basi mpaka wapima mamlaka ya mtawala, haupimi utu wa mtu. Mvuvi wa Luapula akiona mtumbwi umepinduka, hangoji kujua ni wa pwani ipi. Amtoa mtu majini kwanza. Karatasi zake serikali zitauliza baadaye.