Fidia na Utu

Fidia si bei. Bei hulipwa ili kitu kiwe mali ya mnunuzi. Fidia hulipwa kwa kuwa kilichopotea hakirudi, na haifai aliyepotewa aachwe peke yake na hasara yake. Asiyetenganisha mambo haya mawili hugeuza msiba kuwa soko.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yaliyopakiwa katika magari yaliripuka penye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya 200 walikufa, walio wengi Nairobi. Dar es Salaam walikufa 11, wala miongoni mwao hamkuwa na Mmarekani hata mmoja. Gari la maji la ubalozi lilikuwa limesimama kati ya bomu na jengo, likapunguza ukali wa mripuko. Hivyo waliokuwa langoni walipokea pigo lililokusudiwa waliokuwa ndani.

Mahakama za Marekani ziliitia Sudan hatiani kwa kuwasaidia wauaji, maana ilimpa Osama bin Laden makao hadi mwaka 1996. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335. Mpango uliojadiliwa ulikadiria dola milioni 10 kwa raia wa Marekani aliyeuawa, na dola 800,000 kwa mtumishi wa ubalozi ule ule asiye raia.

Watetezi wa mizani hiyo husema kuwa kila serikali huwapigania raia wake kwanza. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini marehemu hawa hawakulengwa kwa uraia wao. Waliuawa kwa sababu ya kazi yao, na kazi ile ilikuwa chini ya bendera moja.

Sisi wa Tanga tunalijua jambo hili. Mkonge uliingia Pangani mwaka 1893, na mashamba yake yakaleta vibarua kutoka mbali, wakaitwa manamba. Aliyeitwa kwa namba hakupunjwa ujira tu, alipunjwa utu. Haifai pasipoti iwe namba mpya.

Tena yafaa tumtazame mlipaji. Utawala wa Omar al-Bashir, uliowahifadhi waovu, ulianguka mwaka 2019 baada ya wananchi kusimama dhidi yake. Mwaka uliofuata deni likawaangukia wananchi hao hao, nao ni maskini. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii nyasi zilitozwa na faini ya tembo.

Basi haki i wapi? Kuwaongezea Wasudani mzigo si haki, na kuwapunguzia wajane wa Kimarekani si haki pia. Aliyebaki ni mwajiri. Serikali iliyowaweka watu hawa langoni, ikalala salama kwa ulinzi wao, ndiyo ipasayo kuziba pengo hilo kwa mali yake. Ikifanya hivyo haitakuwa imetoa sadaka. Itakuwa imelipa deni la wale waliosimama langoni pake.