Mtoto Yuko na Nani?



Wapendwa vijana wenzangu, Majilio yanaelekea ukingoni na wengi wetu tumeshakata tiketi za kwenda nyumbani. Sisi tunaotoka Kilimanjaro mnatujua, Desemba ikifika Dar hatukamatiki. Mimi sijaolewa, ila ni shangazi wa watoto watano, wote chini ya miaka kumi. Kwa hiyo leo naomba tutafakari Injili ambayo huwa tunawaachia wazazi, kumbe inatuhusu sana sisi mashangazi, wajomba, kaka na dada wakubwa.

Fungua Luka 2:41-52. Yesu ana miaka 12. Sikukuu ya Pasaka imekwisha Yerusalemu, watu wanarudi makwao, Yeye amebaki Hekaluni. Maria na Yosefu wanatembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani, kisha wanaanza kumtafuta kwa ndugu na marafiki. Wanampata baada ya siku tatu. Najua, fundisho kubwa hapo ni kwamba alipaswa kuwa katika mambo ya Baba yake. Lakini hebu tusiruke ule msafara. Hawa hawakuwa wazazi wazembe. Ni Maria na Yosefu, jamani! Ila ilikuwa sikukuu, ndugu walikuwa wengi, na kwenye ndugu wengi ni rahisi mno kuamini kwamba mtoto yuko na mwenzako.

Ndivyo ilivyo kwetu tarehe 25. Nyumba ina watu thelathini. Mbuzi ameshachinjwa, sufuria la pilau liko kwenye mafiga, watoto wanakimbia huku na huku. Bibi anajua mjukuu yuko na mama yake. Mama anajua yuko na shangazi. Shangazi anapiga picha. Wote wapo, na hakuna aliye naye. Na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hahitaji mto wala bahari ili azame, ndoo ya maji ya kufulia inatosha. Tena hapigi kelele. Anazama kimya, hatua chache kutoka kwa watu wazima kumi wanaocheka.

Ndiyo maana nyumbani kwetu tuna zamu. Mtu mmoja, nusu saa, kazi yake ni watoto tu. Simu mfukoni, bia hapana, mbege hapana. Haondoki mpaka mwingine aseme kwa mdomo wake, "Nimewapokea." Wajomba walicheka mwanzoni, sasa wanauliza zamu yao ni saa ngapi.

Tuje kwenye zawadi. Mathayo anasema Mamajusi walisujudu kwanza, ndipo wakafungua hazina zao. Walimtazama Mtoto kabla ya kutazama dhahabu. Sisi wengine tunapita Kariakoo tunanunua kinachong'aa na kuimba, bila kujiuliza kinampelekea nani. Vile vitoto vya sanamu vinavyoimba vina betri bapa za mviringo, kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikamkwama, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku tu amemeza, usisubiri, usimtapishe, mkimbize hospitali. Kwa watoto chini ya miaka mitatu kuna kipimo rahisi: chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu kikipita humo ndani, kinaweza kumkaba. Vipande vya puto lililopasuka pia, viokote palepale. Mpira, kitabu cha picha, penseli za rangi kwa wakubwa kidogo, hizo hazijawahi kupitwa na wakati.

Na zawadi nyingine haina bei: tengeneza pango pamoja nao. Mtakatifu Fransisko alifanya hivyo kule Greccio mwaka 1223, kwa majani makavu na wanyama wa kweli. Waache wafinyange ng'ombe wa udongo, hata akitoka na miguu mitano. Ila mshumaa uwe mbali na majani, na uzimwe mkitoka chumbani.

Kuhusu disko toto nitasema kidogo tu. Mwaka 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Polisi wakipiga marufuku sikukuu zikikaribia, msiseme wanawabania watoto raha.

Kuna jambo zito zaidi, na sisi vijana tunaweza kulisema ambapo wazazi wanaona aibu mbele ya wageni. Tarehe 28 tunaadhimisha Watoto Mashahidi, waliouawa na Herode. Yesu alinusurika kwa sababu Yosefu aliamka usiku uleule, akamchukua Mtoto na mama yake, wakaondoka. Hakusema ngoja kupambazuke. Sasa, usiku wa sikukuu nyumba imejaa, vitanda havitoshi, na mara nyingi mtoto ndiye anayehamishwa akalale na mgeni yeyote. Aisee, tusikubali. Mgeni apewe mkeka sebuleni, mtoto alale na mama yake au bibi. Na mtoto akikataa kumsalimia mjomba fulani, usimvute mkono. Kaa naye pembeni umuulize taratibu, umsikilize, umwamini. Namba 116 ni ya kutoa taarifa za ukatili kwa watoto.

Dominika ya Familia Takatifu iko ndani ya siku hizihizi za Noeli. Kabla hujapanda basi, ingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wenu, uandike orodha ya zamu. Mimi nimeshajiandikisha saa saba na nusu hadi saa nane mchana, muda uleule pilau linapopakuliwa, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anaangalia sahani.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, utuombee.