Ujira na Jasho

Ndugu zetu Waislamu, twasikia watu sokoni Chwele wakisema kuwa vyama vya wafanyakazi ndivyo viuavyo kazi. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipokodishwa mwaka 2025 kwa miaka 30, wafanyakazi walikuwa bado wakidai mishahara yao ya nyuma. Je, kazi isiyolipwa imeuliwa na chama, au na aliyezuia ujira?

Mtume wetu (s.a.w.), kabla hajapewa utume, alihudhuria nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an mapatano ya Hilful-Fudhul, yaliyofungwa kwa sababu ya mgeni wa Zabid aliyedhulumiwa thamani ya bidhaa yake. Baada ya kuja Uislamu alisema kuwa lau angeitwa tena kwa mapatano kama hayo angeitika. Basi kukusanyika ili kurudisha haki si uasi.

Lakini chama nacho kina mizani yake: kikivunja ahadi kiliyoitia sahihi, au viongozi wake wakila michango, kimekuwa dhalimu wa pili.

Nasi wenye maduka, je, watumishi wetu tumewalipa kabla ya jasho lao kukauka? Tuanzie hapo. Wabillahi tawfiq.